Ng'ombe Niliowahesabu kwa Ajili ya Habiba

Rashid, na wewe Esta uliyeletwa juzi, mliponipokea funguo za kabati mlitaka niwaachie maandishi kuhusu kazi. Nilipandishwa cheo lini sitaandika, kwa sababu habari hiyo ni fupi mno. Mshahara wangu mnaujua, nanyi ni watu wazima, hamtaki kuhuzunishwa. Nitaandika kazi yenyewe, na hasa kosa moja nililolifanya, maana kosa hilo bado linatembea huko nje na linaweza kupiga hodi ofisini wakati mimi nipo Kulesa napalilia migomba.

Nilifika ofisi yetu ndogo ya elimu pale Garsen nikiwa kijana mwenye suruali moja ya heshima. Siku ya kwanza nikaambiwa nijaze wino kwenye kidau cha muhuri, nikaumwaga wote mapajani. Suruali ya heshima ikaishia hapo. Aliyenipa kanga ya kujifunga mpaka saa ya kutoka alikuwa Mama Kadzo, karani mkuu, Mgiriama mfupi aliyepiga taipu kama mtu anayetwanga mahindi. Alinicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanifundisha kazi kwa miaka tisa.

Alinifundisha kuzungusha kidole gumba cha mtu juu ya wino taratibu, toka upande mmoja hadi wa pili, bila kukandamiza, kwa sababu kidole kilichokandamizwa huacha doa badala ya alama. Alinifundisha kuandika jina nyuma ya picha kwa penseli kabla ya kuipaka gundi. Na kila wiki alinirudia neno moja: "Jillo mwanangu, kisanduku kitupu humrudisha mtoto nyumbani." Alikuwa amewahi kuona fomu ya msichana wa Ozi ikirudi kutoka Nairobi kwa ajili ya kisanduku kimoja kilichoachwa wazi. Iliporudi, nafasi ilikuwa imekwisha, na msichana ameolewa. Tangu hapo Mama Kadzo hakuacha kisanduku wazi, nami nikashika mkondo huo. Leo nawaambia alikuwa na haki nusu.

Fomu za mikopo ya chuo kikuu hazikuwa kazi yetu kisheria. Watu walituletea kwa sababu tulikuwa na taipu, muhuri, na mtu wa kusoma Kiingereza bila kutetemeka. Mwanafunzi alikuja na mzazi na wadhamini wawili, wote wamevaa kama wanakwenda arusini. Mdhamini alitoa kidole chake kwa furaha. Kumdhamini mtoto wa jirani ilikuwa sifa, na kukataa ilikuwa aibu ambayo ungekutana nayo tena siku ya kuomba msaada wa kuezeka nyumba. Kwamba mtoto asipolipa atafuatwa yeye, wengi walisomewa, wakaitikia kwa kichwa, wakaona ni mambo ya mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini akaja Mzee Guyo, Muorma wa upande wa malisho, na binti yake Habiba. Habiba alikuwa amepata nafasi ya shahada ya kwanza, na mdhamini wake mwenye mali angekuwa baba yake. Mzee alisimama mlangoni akaegemea fimbo, akakataa kiti.

"Karani, huyu ndiye anaenda. Andika."

Nikaandika. Jina, kabila, kijiji, uhusiano. Nikafika kwenye kisanduku cha mali ya mdhamini. Shamba hana. Nyumba ya mawe hana. Mifugo, idadi.

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Akaniangalia kama nimemuuliza habari za chumbani kwake.

"Ng'ombe iko."

"Najua wapo. Idadi?"

"Karani, wewe ni Mpokomo, wewe iko na ndizi. Ndizi hesabu. Ng'ombe hapana hesabu."

Habiba aliinamisha uso akicheka chini ya mtandio. "Baba hawezi kutaja, Bwana Karani. Mtu akihesabu mifugo yake anaipunguza. Hata sisi watoto hatuulizi."

"Basi nikadirie?"

Akaitazama fomu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyeona mlango umefunguka kidogo.

Jioni ile nikashuka kwenye malka, ile njia iliyoachwa kati ya mashamba yetu ili mifugo iteremke mtoni kunywa. Ng'ombe wa Mzee Guyo wakaja, weupe, pembe zao zimebeba mwanga wa jua la mwisho, vumbi likiwafuata kama moshi wa mkutano mkubwa. Nilisimama nyuma ya mgomba kama mwizi nikahesabu kwa vidole vya mikono, kumi kumi. Nikapata mia na ishirini. Kesho yake nikaandika kwa taipu, safi, bila kufuta. Mzee aliporudi kutia kidole, nikamsomea fomu yote kwa Kiswahili, isipokuwa mstari ule. Nikauruka. Nilijiambia ni heshima. Siku hizi, nikipalilia peke yangu, naliita kosa hilo jina lake la kweli: sikutaka ugomvi, na nilitaka kisanduku kijae.

Kitu ambacho sikukijua, na ambacho Muorma yeyote angeniambia kama ningeuliza, ni kwamba kundi la mtu si la mtu huyo peke yake. Ndugu humwazima ndugu ng'ombe wa maziwa; hukaa kwake miaka, huzaa hapo, maziwa ni ya aliyeazimwa, ng'ombe ni wa mwenyewe. Katika wale mia na ishirini niliowaona pale malka, wa Mzee Guyo hasa hawakufika nusu. Niliandika mali ya watu kumi chini ya kidole cha mtu mmoja.

Habiba akasoma, akamaliza, akaja kufundisha jiografia katika shule ya upili hapa hapa wilayani. Mkopo ukalala. Mikopo yote ilionekana imelala, na watu wakaizoea kama mtu anavyomzoea mbwa wa jirani asiyebweka. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya tisini, barua za madai kutoka Nairobi zikaanza kuja.

Walioteseka zaidi na barua hizo walikuwa wale waliotaka kuendelea na shahada ya uzamili. Hao ndio niliokaa nao kwenye benchi letu nikaona nyuso zao zikibadilika. Mwalimu mmoja wa Hola, aliyekuwa nusu ya njia katika uzamili wake, alinieleza mara tatu jinsi atakavyolipa: mkopo wa pili utampa shahada ya pili, shahada ya pili itampa kazi bora, kazi bora italipa mkopo wa kwanza. Kila mara aliishia pale alipoanzia, akakunja barua yake ndogo zaidi, mpaka ikawa kama hirizi. "Mzee Jillo," aliniambia, "nasoma huku nimeshikilia pumzi." Nikampa maji.

Mwaka wa mvua ya El Nino mto ulitoka. Rashid, wewe ulikuwa bado shule, lakini unakumbuka. Garsen ilikuwa kisiwa. Ofisini tulitundika mafaili kwenye kamba kama nguo za watoto, na wino wa miaka ishirini ukadondoka sakafuni. Kulesa mto ulikula kingo ukahamia kwenye migomba yetu. Ng'ombe wa Waorma walisimama ndani ya maji mpaka kwato zikaoza, na maji yalipopungua yakaja maradhi, wakaanguka mmoja mmoja. Ukipita njia ya Chewele ulisikia harufu kabla hujaona.

Maji yalipokauka, Habiba alikuja ofisini. Alikuwa mwalimu sasa, sauti ya kuamrisha watu arobaini. Alipata nafasi ya uzamili Nairobi. Alitaka kuandika juu ya huu mto: jinsi unavyohama, na watu wanavyohama nao au kugombana. Aliitandaza barua yake mezani.

"Wamekubali kunipa mkopo wa pili, Mzee Jillo, lakini kwa sharti. Wa kwanza sijaulipa vizuri. Wanasema mdhamini wangu ana mali ya kutosha kubeba mikopo yote miwili. Afisa atakuja kuikagua. Akiiona ipo, naenda. Asipoiona, wa pili nakosa, na wa kwanza unadaiwa wote kwa pamoja kwa mdhamini."

Nikasoma barua. Ng'ombe mia moja na ishirini, kama ilivyotangazwa.

Nakala yetu ilikuwa imelowa, haisomeki. Ile iliyokuwa Nairobi ilikuwa kavu kabisa.

Nilitoka nikaenda nyuma ya ofisi nikasimama kwenye jua. Nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu. Nilifikiri: nikinyamaza, nani atajua? Kidole ni cha Mzee. Taipu haina mwandiko.

Lakini Mzee Guyo alijua kabla sijafika kwake. Habiba alimsomea baba yake barua yote, kila mstari, na mimi nilimkuta chini ya kivuli cha turubai la msaada akiwa na ng'ombe kumi na wanne waliokonda, mbavu zao zinahesabika hata kwa asiyetaka kuhesabu.

"Karani," alisema bila kunisalimu. "Hiyo namba nani sema?"

"Mimi, Mzee."

"Wewe iliona wapi?"

"Malka. Walipokuwa wakinywa."

Ng'ombe mmoja alikohoa.

"Wewe ilihesabu ng'ombe yangu," akasema pole pole. "Ikakufa."

Mimi ni Mkristo, na nilisoma. Najua ng'ombe wale waliuawa na maji na maradhi, kama walivyouawa wa watu ambao hakuna karani aliyewatazama. Nilijua hivyo, na bado nikachuchumaa mbele yake kama mtoto.

Siku ya afisa ilipofika, nilikwenda malka na muhuri mfukoni, maana kazi yangu ilikuwa kushuhudia na kupiga chapa. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye viatu visivyofaa matope yetu. Habiba alisimama kando na baba yake, amevaa nguo ya kazini.

Na ng'ombe wakaanza kuteremka. Si kumi na wanne. Walikuja kwa makundi, wakiletwa na binamu, na wajomba, na watu kutoka mbali niliowajua kwa sura tu, kila mmoja na mabaki ya kundi lake, nane, ishirini, watano. Ukoo mzima ulikuwa umekusanya ilichowaachia mvua, ili namba yangu iwe kweli kwa saa moja.

Nilimkaribia Mzee Guyo. "Mzee, hawa si wako."

"Leo yangu. Ndugu yangu imenipa leo. Maziwa yake leo mimi nakunywa. Yangu."

Hakuwa anasema uongo. Kwao hilo ni kweli. Lakini mimi niliisoma ile barua. Nilijua kwamba muhuri wangu ukishuka, Habiba akiugua, au akikosa kazi, au mto ukitoka tena, atakayekuja kudai hataazima ng'ombe kwa siku moja. Atachukua. Na atachukua wa hawa vijana waliosimama kwenye matope wakitania.

"Afisa," mmoja alikuwa akisema, "yule mwenye pembe moja usimwandike, huyo ni mwanasiasa, hata nyumbani hatumhesabu." Wakacheka. Afisa naye akacheka. Akafungua daftari lake, akanigeukia.

"Mzee, unathibitisha ni wa mdhamini?"

Habiba alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Hakuwa ananiomba niseme ukweli wala uongo. Alikuwa ananiomba tu asibaki nyuma.

"Hapana," nikasema. "Wengi ni wa kuazimwa. Na ile idadi iliyo kwenye fomu ya kwanza niliiandika mimi. Mzee hakuitaja. Sikumsomea mstari huo. Kidole chake hakina kosa."

Hakuna aliyecheka tena. Afisa aliandika muda mrefu, kisha akanifanya niandike na mimi, nikatia saini, nikapiga muhuri wetu juu ya maneno yangu mwenyewe. Alieleza kwamba kwa maelezo yale hatamdai Mzee mali ambayo hakuitangaza. Deni la kwanza litabaki kwa Habiba, akatwe kidogo kidogo kazini. Mkopo wa pili usahauliwe, isipokuwa aletwe mdhamini mwingine mwenye mali iliyothibitishwa, kabla ya mwisho wa muhula ujao.

Watu wakaanza kuwarudisha ng'ombe. Habiba alinifuata mpaka kwenye migomba.

"Miaka saba, Mzee Jillo," akasema. "Ulikaa nalo miaka saba. Kama ungenisomea siku ile ningetafuta njia nyingine. Nilikuwa mtoto, nisingekasirika. Sasa nimeomba likizo bila mshahara, nimerudisha nyumba ya mwalimu, vitu vyangu viko kwenye magunia. Mdhamini nimtoe wapi? Wote ninaowajua walikuwa wamesimama pale."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nitakusamehe nikipata nafasi," alisema, akaondoka.

Nilingoja barua ya kufukuzwa kazi. Haikuja. Kila gari la posta lilipoingia, nilitangulia kulipokea. Ilipokuja siku ya kustaafu mliniaga kwa soda na maandazi, mkasema mengi mazuri, na mimi nilikuwa nikitazama mlango.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wewe, Rashid, unalijua nusu, kwa sababu ulikuwepo.

Juma la kwanza la kukaa nyumbani nilimwambia mke wangu nataka kumdhamini Habiba kwa shamba letu la Kulesa, lenye barua ya chifu. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Asipomaliza?"

"Tutadaiwa."

"Tutalipa kwa kitu gani?"

"Kwa shamba."

"Na tutakula nini? Fomu?"

Nilimsomea barua ya masharti yote, kuanzia juu hadi chini, kila mstari, hata ile inayosema mali itauzwa kwa mnada. Ilichukua alasiri nzima. Aliniuliza maswali ambayo Nairobi hawajayafikiria: mti wa mwembe uliopandwa na mama yangu utahesabiwa nao? Kaburi la mtoto wetu je? Mwishowe alisukuma ungo kando. "Umeshafanya kosa kubwa kuliko hili kwa kunyamaza," akasema. "Hili angalau limesemwa." Ndiyo ruhusa niliyoipata.

Ndipo nikaja ofisini kwako kama mteja, nikakaa kwenye benchi lile lile. Uliichukua fomu, ukafika kwenye kisanduku cha mali, ukaniuliza kwa upole, "Mzee, shamba lako ekari ngapi?"

Nikanyamaza. Wewe ulifikiri sikusikia, ukarudia. Nilisikia. Nilikuwa na namba mdomoni, ile tuliyoitaja tangu enzi za baba yangu, kabla mto haujahama. Ilikuwa namba nzuri, ya kutosha. Ulikuwa umeshaweka vidole kwenye taipu. Nilijua ukiiandika hakuna atakayeikagua kwa miaka, na nilijua pia umefundishwa na mimi usiache kisanduku wazi.

"Acha wazi," nikakwambia. "Twende tukapime."

Ulikunja uso, kwa sababu ilikuwa saa nane na jua kali, lakini ulikuja, na kamba ya fundi. Unakumbuka tulivyoanza kule kwenye migomba, tukashuka kuelekea mto, na kila hatua mimi nikiona shamba linafupika. Pale nilipokuwa nikipanda mpunga palikuwa maji. Tulisimama kwenye ukingo mpya, udongo umekatika kama mkate, na ulisoma kipimo kwa sauti ya chini, kama daktari. Kilikuwa pungufu. Sijui kama kitatosha. Tulikiandika hivyo hivyo, na fomu imekwenda.

Habiba naye amekwenda. Hakungoja jibu, muhula ulianza, akapanda gari na magunia yake mawili. Ameniandikia mara moja, mistari mitano. Anasema analala kwa rafiki, anasoma kwenye maktaba mpaka wanapofunga, na kila akienda ofisi ya wanafunzi anaambiwa jina lake bado. Hakuandika kwamba amenisamehe. Mwisho wa muhula hauko mbali. Barua kutoka Nairobi ikija itafikia kwenu, kwa sababu anwani niliyoandika ni ya ofisi. Tafadhali msiifungue, na msikae nayo hata siku moja. Nileteeni. Habari mbaya pia ni yangu.

Lakini kuna kitu kimoja hukukiona siku ile, Rashid, maana ulikuwa umekwisha kurudi kwenye kivuli kuandika. Nilibaki ukingoni nimeshika kamba, nikitaka kupima tena upande wa mwisho, nisiamini. Mzee Guyo alikuwa anateremsha ng'ombe wake kumi na wanne kwenye malka, jirani kabisa na mpaka wetu. Hatukuwa tumesemeshana tangu siku ya afisa. Alisimama, akaitazama kamba, akanitazama mimi na suruali yangu iliyojaa matope.

"Karani. Hiyo unafanya nini?"

"Napima shamba. Kwa ajili ya Habiba."

Alifikiri. Kisha akaiegemeza fimbo yake kwenye mgomba wangu, jambo ambalo siku nyingine lingetuletea kesi, akashuka kwenye tope mpaka magotini, akaokota ncha ya pili ya kamba.

"Vuta," akasema. "Usilegeze."